Fundo la Mashoto

Jumatatu, 10 Machi

Wifi,

Kopo langu la vidonge vya kichwa lilipotea Jumamosi tarehe 8, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, likiwa na vidonge arobaini na viwili. Ijumaa jioni nilihesabu arobaini na vinne. Jumamosi asubuhi nilimeza viwili. Sikadirii.

Unalijua kopo lenyewe. Ni lile la bati lililokuwa la vifungo, nililoanzia kazi nikiwa na cherehani moja ya kuazima. Kifuniko kimelegea, kwa hiyo nalifunga kwa uzi wa katani, mafundo mawili, na linakaa kwenye rafu juu ya meza ya kukatia. Saa nne lilikuwepo, maana nililisogeza nichukue chaki. Saa sita, wewe umeshaaga na umeshapanda basi, lilikuwa halipo.

Kati ya hapo tulikuwa wanne chumbani. Mimi. Mshona vifungo, ambaye hiyo rafu haifikii hata akisimama juu ya stuli. Mpiga pasi, ambaye hakuiacha pasi yake kwa kuwa nilikuwa namtazama. Na wewe, uliyekaa kwenye kiti changu na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Simtaji mtu. Nahesabu tu.

Najua simu yako iko kwa fundi, ila hata ingekuwa nzima ningeandika. Kwenye simu unacheka, na kicheko mtu hawezi kukiweka kwenye faili.

La pili. Umekaa kwangu siku tano na mdogo wangu hakuja. Nilipouliza ukasema ana gesi. Mtu amebeba maboksi ya vigae miaka kumi na minane, leo gesi imzuie kupanda basi? Mwaka jana pia hakuja, mkasema kazi. Nimemlea mimi yule. Mwambie Mashoto dada yake anamuulizia, na sitaki salamu za kupitia mtu.

Wifi yako,
Fundi

*

Jumatatu, 17 Machi

Wifi mpenzi,

Nimesachiwa na walinzi, nimesachiwa na mama mwenye nyumba, lakini wewe ndiye wa kwanza kunisachi kwa barua. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona mpaka mkoba wangu umeandikiwa taarifa.

Umeangalia chini ya vitambaa vya sare? Ile meza yako siku naondoka ilikuwa mlima.

Mdogo wako hajambo. Ni gesi tu, tumbo linajaa akila usiku. Nimempa dawa ya kutafuna, ile nyeupe, anaendelea nayo. Magoti ndiyo yanamsumbua zaidi, unajua kazi ya vigae ni ya kupiga magoti kutwa nzima. Anasema atakuandikia. Nilimsomea ulipoandika "sitaki salamu za kupitia mtu" akasema, "Huyo ndiye dada yangu." Halafu akaenda kulala, saa moja jioni.

Hivi kwa nini mnamwita Mashoto? Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwona akishika mwiko kwa mkono wa kushoto.

Nikuulize na mimi swali moja la hesabu, maana ndiyo lugha yako. Februari ulimeza vidonge vingapi, na siku ngapi?

Wifi yako wa duka la dawa

*

Jumamosi, 22 Machi

Wifi,

Nimeuliza kopo, umenijibu kwa swali. Hiyo ni mbinu ya mtu ambaye kopo analo.

Chini ya vitambaa nimeangalia. Nimekunja kitambaa kimoja kimoja, mita mia mbili na kumi, mpaka mshona vifungo akaniuliza kama natafuta pete. Halipo. Na usidhani umenikomoa. Jumapili ile ile nilishanunua vingine, vyekundu vile vile.

Swali lako nalijibu kwa sababu sina cha kuficha. Kila ninachofanya nakiandika pembeni ya daftari la kukatia. Februari ina siku ishirini na nane. Nilimeza siku ishirini na tatu. Vidonge sitini na kimoja. Januari zilikuwa siku kumi na tisa, Desemba kumi na mbili. Sasa na wewe niambie: mtu anameza zaidi na kichwa kinauma zaidi, hapo si kuna mtu anabadilisha dawa? Nimeshamshuku muuza duka wa jirani kwamba anauza zilizopoa. Nimeshaushuku mvuke wa pasi. Nimeshamshuku mpiga pasi mwenyewe, nikakinusa kikombe changu cha chai mbele yake, akahuzunika siku nzima.

Nakwambia na jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumanne nilikata mikono ya mashati ya shule, pea nane. Nilipoiweka pamoja nikakuta mikono kumi na sita, yote ya kushoto. Sikukigeuza kitambaa. Miaka thelathini na sita sijawahi. Kichwa kilikuwa kinagonga kama cherehani mbovu na macho yanaona ukungu. Hapa wanaoshona wapo sita, anayekata ni mmoja. Siku nikishindwa kukata, wale sita wanakwenda nyumbani. Ndiyo maana nataka kopo langu, na nataka kujua mtu aliyeingia kwangu kama ndugu alikuwa anatafuta nini kwenye rafu yangu.

Nijibu kilichoulizwa.

Fundi

*

Jumamosi, 29 Machi

Wifi,

Nilichukua mimi. Ulipogeuka kumfokea mpiga pasi kuhusu kola, nikasimama, nikaliweka mkobani, nikakaa. Moyo ulinienda mbio mpaka kituo cha basi.

Sasa soma mpaka mwisho kabla hujalichana.

Nilikaa kwako siku tano na siku zote tano nilikuona unafungua lile kopo kabla ya chai. Nilikwambia siku ya pili kwamba ni nyingi. Ulinijibu, "Wewe uza dawa, mimi nitameza." Unakumbuka? Basi nikajua kwa maneno hutanisikia. Nilijua pia utanunua vingine. Sikutaka ukose dawa, nilitaka ukasirike, kwa sababu ukikasirika unahesabu, na ukihesabu utaona mwenyewe. Umeona: Desemba kumi na mbili, Januari kumi na tisa, Februari ishirini na tatu. Hakuna anayebadilisha dawa zako. Dawa ndiyo inayobadilisha kichwa chako. Vidonge vya maumivu ukivimeza siku kumi, kumi na tano kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, kichwa kinavizoea. Nguvu yake ikiisha mwilini kichwa kinauma kuvidai, unameza tena, kinatulia, kinadai tena. Dukani nawaona kila siku, na wengi wao ni wachapakazi kama wewe.

Fanya hivi. Kwanza nenda zahanati upimwe presha, na uwaambie umemeza vingapi, usiwapunguzie hesabu. Pima na macho. Wakikuruhusu kuacha, acha. Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, sikufichi. Kunywa maji, wewe kutwa nzima unakunywa kikombe kimoja cha chai. Kula mchana, usimeze kidonge ukakiita chakula. Kila saa inyanyue shingo kutoka mezani. Ila kichwa kikija ghafla kama radi, au mkono ukalegea, au homa na shingo ngumu, hiyo si ya kusubiri barua, ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Na lingine ambalo sikuwahi kukwambia ukanisikia. Vile vyekundu vinachubua tumbo, hasa ukivimeza na njaa. Ukiona unachoka bila sababu, unahema, au choo kimekuwa cheusi kama lami, usiniandikie. Nenda. Hapo ni damu inavuja ndani.

Kopo lako liko salama juu ya kabati, nyuma ya masufuria. Sijalifungua, uzi wako uko vile vile. Mdogo wako aliuliza ni la nini, nikamwambia ni vidonge vya dada yako vya maumivu, nimemnyang'anya. Alicheka sana. Ni kicheko cha kwanza mwezi huu.

Usimwambie kama tumegombana. Hapendi.

Wifi yako, mwizi

*

Jumamosi, 12 Aprili

Mwizi,

Barua yako niliichana nusu, halafu nikaigundisha kwa gundi ya kola, kwa hiyo usijidai.

Nimekwenda zahanati. Presha yangu wanasema nzuri kuliko ya aliyenipima. Macho yanataka miwani ya karibu, nimeshapata, ninafanana na karani wa posta. Niliwaambia hesabu yote. Daktari akaitazama ile sitini na moja, akanitazama mimi, akasema maneno yako karibu neno kwa neno, mpaka nikashuku umemwandikia.

Nimeacha tangu tarehe 2. Siku ya kwanza mpaka ya nne sitaki kuzisimulia. Siku ya tatu nilifunga karakana saa saba mchana, na hilo halijawahi kutokea hata kwenye misiba. Siku ya tano nilisimama dukani kwa jirani, mkono umeshanyooka, nikakumbuka ile mikono kumi na sita. Nikanunua maji. Siku ya nane kichwa kiliuma asubuhi tu. Jana hakikuuma. Leo hakijauma mpaka sasa, saa kumi. Sikusifu bado, siku mbili si hesabu.

Lakini kuna kitu kichwa kikiwa chepesi kinaona. Umeniandikia kurasa nne kuhusu mwili wangu. Kuhusu mwili wa mume wako umeniandikia neno moja: gesi. Amelala saa moja jioni, gesi. Amecheka mara moja kwa mwezi mzima, na wewe unaiandika kama sikukuu. Nimempigia simu mara nne, mara mbili imezimwa, mara mbili akasema, "Dada nipo kazini, nitakupigia." Nyuma yake nikasikia kuku. Ni kazi gani ya vigae ina kuku?

Mnanificha nini? Kama mmeachana semeni. Kama amefukuzwa kazi semeni. Mtu anayeweza kunyamaza na kopo la watu mkobani mpaka kituo cha basi anaweza kunyamaza na mengi.

Na kopo langu nirudishie, pamoja na vidonge vyake vyote arobaini na viwili. Nataka kuvitupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Fundi

*

Jumatatu, 28 Aprili

Wifi,

Nisamehe kuchelewa. Simu bado iko kwa fundi, anasema kioo hakijaja, mimi nasema amekiuza.

Kopo nimempa dereva wa basi la asubuhi, utalipata kesho au keshokutwa. Sijaligusa, nimelishusha tu kutoka juu ya kabati na kulifuta vumbi. Vimo vyote.

Nimefurahi kuhusu kichwa, nimefurahi kuliko unavyodhani. Nilimsomea mdogo wako ile ya karani wa posta. Akatabasamu.

Hatujaachana, wifi, futa hilo. Ila umemsikia kuku, basi nikwambie, naye asijue kama nimekwambia. Hajaenda kazini tangu wiki ya pili ya mwezi huu. Alikuwa ghorofa ya tatu, akashindwa kupandisha boksi la vigae, akakaa kwenye ngazi anahema. Wenzake wakamcheka kwamba amezeeka. Aliniapisha nisikuandikie. Anasema wewe ulimlea ukiwa na cherehani moja, hutaki kusikia kwamba ameshindwa boksi. Ni uchovu, kazi ile inamaliza watu. Na gesi bado ipo, amekuwa hataki chai, hataki chochote chenye ndimu, anakula uji. Amekonda kidogo. Nataka nimpe dawa ya kuongeza damu na vitamini, apumzike wiki mbili hivi. Jambo zuri ni kwamba magoti yamepona kabisa, mwezi mzima hajalalamika hata siku moja.

Usimpigie. Atajua ni mimi nimesema.

Wifi yako

*

Jumapili, 4 Mei, saa tatu asubuhi

Wifi,

Kopo limechelewa, limefika jana jioni. Limerudi na vidonge tisa. Niliviweka juu ya meza ya kukatia, nikavihesabu mara tatu kwa miwani mpya, nikamwita na mpiga pasi naye akahesabu. Ni tisa. Kutoka arobaini na viwili hapo, thelathini na vitatu havipo.

Nitakwambia nilichofikiri, maana umenizoesha ukweli ule wa kuchelewa. Kwanza nilifikiri umevila wewe. Baadaye nikafikiri umeviuza dukani kwako. Nikakaa na wazo hilo robo saa nzima, tena kwa raha. Halafu nikautazama uzi.

Uzi ni wangu, lakini fundo si langu. Mimi nikifunga, mkia wa uzi unalala kulia. Hili mkia wake umelala kushoto, na mafundo yote mawili yamefungwa vizuri na kwa makini, na mtu aliyetaka nisijue.

Uliniuliza kwa nini tunamwita Mashoto. Si mashoto. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakula kwa kulia, na mwiko umeuona mwenyewe. Alipokuwa na miaka mitano nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kushona, nikachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, nikamwambia "fanya kama mimi." Akafanya kama alivyoona. Mkono wangu wa kulia ukawa wake wa kushoto. Nilipogundua nimekosea alikuwa ameshazoea, na mpaka leo anafunga kila kitu kinyume. Wenzake shuleni wakampa jina. Kosa lilikuwa langu, jina likawa lake. Hapa duniani fundo hili analifunga mtu mmoja tu, na ni mume wako.

Sasa fuata hesabu. Tarehe 29 Machi unaniandikia kwamba amejua juu ya kabati kuna vidonge vya maumivu. Tarehe 28 Aprili unalishusha. Hizo ni siku thelathini, na vidonge thelathini na vitatu. Kimoja kwa siku, na siku tatu za magoti makali akameza viwili. Dukani kwako asingeweza kuomba, ungemhoji. Kwenye kopo la dada yake haulizwi. Ndiyo maana magoti "yamepona kabisa". Anavimeza na nini? Na uji? Au anavimeza asubuhi na njaa, kama nilivyokuwa navimeza mimi, naye aliniona nikifanya hivyo tangu akiwa mtoto?

Nimezitoa barua zako zote kwenye faili. Neno gesi umeliandika mara mbili, na siku tano ulizokaa kwangu nilikusikia ukilisema mara sita. Mwanzoni huenda ilikuwa gesi kweli, mimi si muuza dawa. Lakini gesi haimkalishi mtu kwenye ngazi anahema. Hiyo umenifundisha wewe, kwa mwandiko wako, na barua ninayo hapa imegundishwa gundi: vinachubua tumbo, unachoka bila sababu, unahema. Ulimwandikia mtu ambaye haumwi tumbo. Anayeumwa amelala chumba cha pili, na unataka kumpa vitamini.

Nilikushuku wizi, ukakiri. Sasa sijui nikushuku nini. Kwamba uliona ukafumba macho kwa sababu alikuapisha? Au kwamba mtu unayelala naye ndiye usiyemtazama? Hilo tutalizungumza mimi na wewe, ana kwa ana, akiwa mzima. Leo sina nafasi nalo. Na mimi nina langu, maana kopo ni langu.

Tangu jana jioni nimeipiga simu yake mara kumi na moja, imezimwa. Yako iko kwa fundi. Ya dukani inaita tu, Jumapili mmefunga. Barua hii nampa dereva wa basi la saa nne, yule yule uliyemtuma. Ameniahidi atakufuata mpaka mlangoni na hatamwachia jirani. Saa kumi jioni utakuwa nayo mkononi.

Ukimaliza kusoma usimwambie chochote, kaa naye uso kwa uso kama nilivyochuchumaa mimi, ila wewe usikosee, umuulize. Atasema gesi. Muulize tena. Mwambie dada ameona fundo, hapo hatadanganya. Kama jibu ndilo ninaloliogopa, usikae chini kuniandikia. Mpeleke hospitali jioni hii hii, kidonge chochote chekundu asikiguse tena, dawa yako ya kuongeza damu iache kabatini mpaka daktari aseme, na nipigie ukiwa kule kwa simu ya muuguzi, ya mlinzi, ya yeyote. Kama jibu ni hapana, bado mpeleke kesho asubuhi, na bado unipigie.

Karakana nimemwachia mshona vifungo. Mashati yamekatwa, kushoto na kulia sawa sawa. Basi la leo limejaa, ila tiketi ya basi la kesho saa moja asubuhi ninayo.

Kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo nataka jibu la swali moja tu, na sitaki ndani yake neno gesi, wala uchovu, wala umri: choo cha mdogo wangu kina rangi gani?

Fundi